Upendo na Ile Njia ya Ng'ombe Bondeni

Jana tumemzika Upendo kwao Iyula, na leo asubuhi nimeshika simu nimpigie, nimuulize tunaondoka saa ngapi. Akili inagoma kabisa, jamani.

Kwa msiomjua, huyu ndiye niliyekuwa nazunguka naye vijijini kufanya tathmini ya majanga. Yaani mvua ikizidi, nani ataumia, na atakimbilia wapi. Aliugua ghafla, hata hatukupata muda wa kuzoea kwamba anaumwa.

Safari naye ilikuwa vituko. Tukitoka Tunduma lazima tusimame Mlowo anunue parachichi, na lazima abishane na muuzaji mpaka wote wawili wacheke. Gari likiondoka tu, analala mdomo wazi. Picha ninazo, ila namsitiri.

Kisukuma alijua neno moja, "Mwangaluka," salamu ya asubuhi. Aliwasalimia nalo wafugaji Wasukuma wa bonde la Momba hata jioni. Walicheka, wakamletea maziwa.

Kwenye mikutano sisi wengine tuliuliza kiofisi: hapa kuna hatari gani? Watu wanajibu fisi. Wanajibu wezi wa mifugo.

Upendo aliuliza hivi: "Ukiamka maji yako mlangoni, unaanza na nani?"

Siku moja Mama Nkwimba, mfugaji mwenye watoto wadogo, akajibu kwamba anaanza na ndama. Mkutano mzima ukaangua kicheko.

Upendo hakucheka. Alimuuliza kwa nini. Mama akaeleza kuwa ndama wakitangulia mlimani, mama zao wanafuata, na watoto wanashika mikia wanatoka nao.

Shida ni kwamba njia ya kwenda mlimani ilikatiza shamba la ufuta la Baba Eliya, na msimu ule alikuwa amepania kuilima yote. Mambo ya wakulima na wafugaji mnayajua.

Boss alitaka report. Akasema tuchore njia kwenye ramani tuendelee, ugomvi wa mashamba si kazi yetu. Upendo akamjibu taratibu kuwa tukichora njia ambayo kesho itakuwa ufuta, tutakuwa tumewadanganya watu.

Akaenda kwa Baba Eliya. Alipepeta ufuta na mke wa mzee, akala nao, ndipo akataja njia. Mzee akakubali, lakini hakuficha kitu.

"Naiacha kwa ajili yako wewe," alisema. "Siyo kwa ajili yao."

Mvua zikaja kweli. Mto ulibomoa nyumba ya Mama Nkwimba, yeye na wanawe wakiwa mlimani na ng'ombe wao. Upendo alipopata simu alikaa chini kwenye korido ya ofisi akalia, nami nikakaa naye.

Sasa mvua nyingine zinakaribia na Upendo hayupo. Niseme ukweli, msibani nilimlilia rafiki yangu, na nilikuwa nawaogopea wale watoto. Kama njia iliachwa kwa ajili yake, nani angeiacha tena?

Nikamwona Baba Eliya kwenye foleni ya kutia udongo, koti limejaa vumbi la safari. Nilitaka kumuuliza, nikashindwa. Akanishika mkono, akasema mwenyewe.

"Taarifa ilinikuta nalima, mwanangu. Nilipofika kwenye ile njia nikageuza plau, nikaiacha. Mama Nkwimba yule pale, tumekuja wote."

Nikageuka. Mama Nkwimba alikuwa amekaa kwenye mkeka mmoja na mke wa Baba Eliya, wanalia pamoja.

Upendo, mimi nitakukumbuka kila siku, na kazi itakuwa ngumu bila wewe. Lakini mvua zikija, watu wako wana pa kupita. Pumzika sasa, rafiki yangu. Lala salama, na usiwawazie tena.