Chembe Zilizopasuka za Mzee Nyawa

Kilichoninyima usingizi ni swali moja: chembe zile za damu zilipasuliwa na mkono wa Chengo, au ndivyo zilivyokuwa? Na kama si mkono wake, mimi nilikuwa nimefanya nini?

Nilianza kazi miaka ya arobaini, vita vikiendelea, katika maabara ya hospitali moja upande wa Changamwe. Nilikuwa na cheti kipya cha chuo. Siku ya kwanza Daktari Mkuu alinipeleka kwa Chengo, aliyeingia pale kama mfagiaji akajifunza kwa kutazama. Chengo aliweka tone la damu kwenye kioo, akalivuta kwa ukingo wa kioo cha pili, likatanda jembamba kama ganda la kitunguu. Langu lilitoka na mabonge.

"Polepole, bwana cheti," akacheka. "Damu haijui kusoma."

Wivu ulinishika siku hiyohiyo.

Kisha akaja Mzee Nyawa, mkulima wa Mwakirunge, tezi zimemvimba shingoni, bandama imejaa tumbo. Tulidhani ni malaria. Chengo alitandaza damu yake, na kwenye darubini tukaona chembe nyeupe tele, ndogo za mviringo, nyingine zimepasuka zikabaki madoa tu. Nikakimbilia kwa Daktari.

"Chengo anaponda chembe, bwana."

Daktari alikuwa akikusanya vioo vya saratani ya damu ile iendayo taratibu, kama hii ya Mzee Nyawa, aichunguze. Dawa hatukuwa nazo, ila matone ya aseniki na miale ya eksrei ya kupunguza bandama. Kioo kilichoharibika kilimuudhi sana.

"Chengo, rudi ukaoshe chupa! Kijana, rudia wewe."

Chengo alikwenda kwenye karo la kuoshea chupa. Nilifurahi, sikatai.

Nikarudia. Zikapasuka. Nikarudia mara tatu, nikiona labda nimebonyeza mno, labda kioo kina vumbi. Mwisho nikajichoma kidole, nikatandaza damu yangu kwa mkono uleule. Chembe zangu zote zilikuwa nzima. Basi ugonjwa ndio uliozilegeza za Mzee Nyawa, na madoa yale ndiyo dalili.

Nimestaafu sasa, na vijana huniuliza niligundua nini. Huwaambia aliyeiona dalili ile kwanza ni Chengo. Siku ile lakini nilipiga hesabu zote za woga: nikinyamaza, meza yake ni yangu, nikisema, nitabaki chini yake miaka.

Nilichukua vioo viwili, cha damu yangu na cha Mzee Nyawa, nikampitia Chengo kwenye karo, nikamwambia anifuate. Nikabisha mlango.

"Bwana Daktari, mkono wa Chengo hauna kosa. Mwongo ni mimi."