Siku Darasa Lilipompa Samaki Mapafu

Kwa miaka mingi nilifundisha biolojia katika shule moja ya sekondari ya Butembo, mashariki mwa Kongo, nikiamini kwamba wanafunzi wangu walikuwa wakiongea. Kwa kweli walikuwa wakimalizia tu. Katika madarasa yetu mwalimu huanza neno, hulikata katikati, hunyoosha mkono, na darasa zima hulipokea kwa sauti moja. "Damu inasukumwa na mo…" "…yo!" Ndivyo nilivyofundishwa mimi, na ndivyo nilivyofundisha. Mpita njia angedhani kwamba ndani mnaimba kwaya ya wasomi.

Nilizinduliwa asubuhi moja ya mvua, katika somo la upumuaji. Nilikuwa nimekwisha kueleza binadamu, nikaingia kwa samaki, na kwa kukosa uangalifu, badala ya kutaja matamvua, nikasema: "Samaki anapumua kwa mapa…"

"…fu!" likanguruma darasa.

Miongoni mwa walionguruma alikuwamo msichana wa dawati la pili, mzaliwa wa Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, ambaye mama yake huuza tilapia na ambaye mikono yake ilikwisha kupasua samaki wengi kuliko kurasa nilizosoma. Nikamuuliza kama aliwahi kukuta pafu ndani ya samaki.

"Hapana, Monsieur. Hata siku moja."

"Sasa juu ya nini umesema mapafu?"

"Ninyi njo mulisema 'mapa', Monsieur. Siye tulimisaidia tu."

Darasa likacheka. Nami nikacheka, ingawa kwa aibu. Siku hiyohiyo nikaweka sheria: anayemalizia neno la mwalimu atakuja ubaoni na kueleza jambo zima kwa maneno yake mwenyewe, na wenzake wataruhusiwa kumkatiza kwa maswali. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Mwenye kuisahau sheria nilikuwa mimi: nilikata maneno kama zamani, midomo ya darasa zima ikafunguka na kufungwa bila sauti, mpaka mchekeshaji wa dawati la nyuma akauliza kwa upole, "Monsieur, neno limepotea? Tungoje?"

Polepole walianza kusema. Walibishana juu ya kutu, juu ya chachu, juu ya sababu ya maharagwe kuchelewa kuiva. Ni yule msichana tu aliyebaki nyuma. Aliandika vizuri kuliko wote, lakini ubaoni aliinong'oneza chaki. Na yeye ndiye aliyehitaji sauti kuliko wote. Alitaka kuingia shule ya uuguzi huko Beni, ambayo huwapokea wanafunzi kwa mtihani wa kusema. Mwaka uliotangulia alisimama mbele ya watahini, akanyamaza, akarudi kwetu. Mama yake alikuwa ameamua kwamba jaribio la pili litakuwa la mwisho. Likishindikana, binti atarudi ziwani kuuza samaki.

Basi nikaacha kumuuliza biolojia. Nikamwomba aniuzie samaki, mimi nikiwa mnunuzi mwenye shaka. Palepale mgongo wake ukanyooka, mkono ukakaa kiunoni, nami nikaitwa Papa, yaani baba, kama mteja wa sokoni.

"Papa, fungua hapa ku kichwa, uangalie mule ndani. Iko nyekundu ao haiko nyekundu?"

"Nyekundu. Na kisha?"

"Kisha ni wa leo! Ya kuoza inakuwaka kijivu."

"Juu ya nini iwe nyekundu hapo, isiwe ku mukia?"

Akafikiri. "Juu damu inakuya pale kutafuta hewa mu maji."

Nilimwambia kwamba amekwisha kufanya nusu ya mtihani. Hakuniamini, lakini tangu siku hiyo aliuza samaki yule kila Ijumaa mbele ya darasa, na kila Ijumaa wanunuzi, yaani wenzake, waliongezeka ukali.

Siku ya mtihani nilimsindikiza Beni. Mlango wa chumba uliachwa wazi kwa sababu ya joto, nami nikaketi kwenye benchi la barazani, mahali pa kusikia yote. Mtahini mkuu, mzee mwenye sauti ya upole, alimruhusu kutumia Kiswahili, maana mgonjwa, alisema, haugui kwa Kifaransa. Kisha akaanza kumsaidia.

"Hewa ikipita ku pua, inashuka ndani ya mapa…" Akanyoosha mkono.

Kimya.

"Ya mapa…"

Hapo nikaelewa. Mzee alikuwa akimwekea neno mdomoni kwa huruma, na mimi ndimi niliyemkataza kulipokea. Mtahini akarudia mara ya tatu, kama anayesihi, kisha akachukua kalamu.

"Papa, musiandike kwanza," msichana akasema. "Kwetu ku masomo, mwalimu alikataza tumalizie neno ya mukubwa. Ukimalizia, unaeleza yote. Munataka nieleze yote?"

Kalamu ikawekwa mezani. "Eleza yote."

Akaanza na samaki. Akafungua kichwa cha samaki hewani kwa vidole viwili, akaonyesha majani mekundu ya matamvua, akawaonyesha damu inavyopita karibu na maji. Mtahini wa pili, mama muuguzi, akamtegea: "Hapa inje hewa imejaa. Mbona samaki anakufa?"

"Mama, ndani ya maji yale majani yanaachana sawa vile vidole. Ukimutoa inje, yanashikamana, yanakauka. Hewa iko, lakini mulango imefungwa. Siye yetu imefichwa ndani ya kifua, inabakia na maji kidogo, njo maana hatukauke."

Mama muuguzi akacheka na kupiga meza. Kisha wakamfuata msichana kutoka pafu mpaka kwenye mshipa, wakimkatiza, naye akiwajibu. Mara moja hata aliwauliza wao. Mimi nilisimama bila kujua kwamba nimesimama.

"Inatosha," mzee akasema hatimaye. "Nafasi umeipata, binti yangu. Uite mwenzako."

"Aka, Papa! Bado sijafika ku moyo."

Watahini wakatazamana. Mama muuguzi akachungulia nje, akawaambia waliokuwa wakisubiri kwenye foleni waketi tena.