Makipa Wawili, Nafasi Moja

Mama Popo alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, kazi aliyoianza hata kabla hajaolewa. Mvuke ulikuwa umemwachia alama ya kuungua kwenye mkono wa kushoto, pamoja na mazoea ya kutomtazama mtu usoni anapoongea naye, maana macho yake muda wote yalikuwa kwenye kola ya shati la mtu mwingine. Wateja walisema suti ikitoka mikononi mwake, hata mtu aliyefukuzwa kazi jana anaonekana bosi. Yeye alicheka kidogo, akaning'iniza suti, akavuta nguo nyingine.

Binti yake aliitwa Popo kwa sababu tangu akiwa mdogo alipenda kuning'inia: kwenye mlango, kwenye dirisha, mwishowe kwenye mwamba wa goli. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu na alikuwa kipa. Binti wa jirani yao wa mlango wa pili naye alikuwa kipa, wa umri uleule. Huyo walimwita Gundi, kwa kuwa mpira ukishamfika mikononi haukuwa na habari tena ya kuondoka. Watoto hao walikuwa chanda na pete, na mama zao ndiyo usiseme. Mama Gundi alikuwa msusi. Alikuwa na saluni ya viti viwili mtaa wa nyuma, maneno mengi, na kicheko kilichojaa chumba kizima kikamwagika hadi barabarani. Alimlea Gundi peke yake. Baba Popo naye alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuonekana nyumbani kama mgeni, kwa hiyo kina mama hao wawili walibebana. Huyu akiwapeleka watoto mazoezini, yule huwarudisha. Huyu akiugua, yule hupika kwa nyumba mbili.

Ndipo klabu kubwa ya wasichana ikatangaza majaribio. Msichana atakayechaguliwa hangepewa jezi tu. Angepelekwa pia kwenye shule ya klabu, yenye bweni, maktaba na walimu wa kutosha. Walijitokeza wasichana kama siafu. Wazazi nao hawakubaki nyuma. Kulikuwa na baba mmoja aliyekuja na kiti chake cha kukunja na darubini, utadhani binti yake anacheza ng'ambo ya bahari, na mama mmoja aliyemsalimia kocha kila alipopita, kwenda na kurudi. Kocha mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na aliogopwa kuliko makocha wanaofoka. Alifunga kamba pembeni mwa uwanja, akawaambia wazazi, "Huku ni kwenu, kule ni kwa watoto. Mkinisaidia kazi mtaniharibia."

Raundi ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Makipa wakachujwa hadi wakabaki wawili: Popo na Gundi. Nafasi ya kipa ilikuwa moja.

Kina mama walicheka siku ile, wakashikana mikono wakirudi nyumbani. "Yeyote atakayepita, ni wetu," alisema Mama Gundi. Mama Popo akaitikia. Lakini walipofika kwenye milango yao kila mmoja aliingia ndani haraka, na haikuwa kawaida yao.

Siku chache kabla ya raundi ya mwisho, Popo alirudi kutoka shule akasukuma sahani yake pembeni. "Mama," alisema, "mtu akikupa siri, halafu siri yenyewe inamuumiza yeye, bado ni siri?"

"Nani kaumia?"

Popo akamwaga yote. Gundi alianguka kwenye ngazi za shule, akaangukia mkono wa kulia. Kifundo kilikuwa kimevimba. "Hata bomba la maji hawezi kufungua, mama. Leo nimemfungulia mimi. Lakini nimemwapia sisemi, na wewe usiseme."

"Mama yake anajua?"

"Gundi anasema hajui."

Mama Popo alilala na jambo lile, akaamka nalo. Kama mama yake hajui, basi lazima aambiwe; hilo lilikuwa wazi. Kesho yake alitoka kazini mapema, akaenda saluni. Alimkuta Mama Gundi amesimama nyuma ya mteja ambaye kichwa chake kilikuwa kimesukwa nusu, nusu nyingine imesimama kama imetishwa. Walipiga soga za mtaani. Mama Popo akajibu hiki na kile. Mteja alipoondoka, akasema, "Shoga, Gundi ameumia mkono. Nadhani hujui."

Mama Gundi alikuwa anafagia nywele. Hakuacha kufagia.

"Najua," alisema. "Mimi ndiye ninayemfunga bandeji. Asubuhi nampa dawa ya maumivu, anakuwa mzima."

"Umempeleka hospitali?"

"Nikimpeleka watamwambia apumzike. Apumzike na Jumamosi ndiyo hiyo?" Akaegemeza ufagio ukutani. "Ni mchezo wa dakika chache. Akishapita atapumzika hata mwaka. Wewe una mume, Mama Popo. Popo akikosa hii, baba yake atamtafutia nyingine. Wangu akikosa, atakaa kwenye kiti hicho kushika vitana. Nakuomba kama dada yangu. Usinifichue."

Mama Popo alitaka kusema kwamba mkono wa mtoto si kitu cha kubahatisha. Badala yake alisikia mdomo wake ukisema, "Sawa." Akaondoka na sawa hiyo kama mtu aliyebebeshwa gunia njiani.

Kilichomtesa hakikuwa mkono tu. Kama angesema, Gundi angetolewa na Popo angebaki peke yake golini. Kila alipojiambia kwamba anamhurumia mtoto wa mwenzake, sauti nyingine ndani yake iliuliza: una hakika ni huruma? Alimpigia mumewe simu. Baba Popo, akiwa kwenye kituo cha mafuta huko alikokuwa, alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Kaa kimya. Ukifungua mdomo utaonekana mchawi."

"Na nisipofungua nitakuwa nani?"

"Utakuwa jirani," alisema, na lori la nyuma yake likapiga honi, akalazimika kusogea.

Jumamosi jua lilikuwa kali na kamba ilikuwa imejaa watu. Kocha alipanga utaratibu: kila kipa angekaa golini zamu kwa zamu, kwanza mashuti ya mbali, halafu krosi, halafu ana kwa ana na mshambuliaji. Popo alianza vibaya. Mpira wa kwanza ulimpita katikati ya miguu, na tangu hapo akawa anaruka kabla mpira haujapigwa. Kila mara alimtupia jicho Gundi, si mpira. Mama yake aliona jambo hilo na akajua sababu yake.

Gundi, kinyume chake, alikuwa moto. Mama Popo alisimama bega kwa bega na Mama Gundi, na wote wawili waliona kile ambacho wengine hawakukiona: mtoto hakuudaka mpira kwa mkono wa kulia hata mara moja. Aliupangua kwa kigasha, aliukumbatia kwa kifua, aliutuliza kwa kushoto. Baba wa darubini alisema, "Huyu ndiye," na watu wakaitikia. Lakini kila alipoanguka chini aliinuka polepole zaidi, na mdomo wake ulikuwa mweupe pembeni.

"Mtoe," Mama Popo alinong'ona.

"Bado kidogo."

"Mtazame uso wake."

"Namtazama. Ni wangu." Mama Gundi alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili. "Anashinda. Huoni kwamba anashinda?"

Alikuwa anaona. Hapo ndipo palipouma. Wakati Popo alipokuwa na nafasi ya kushinda, aliona haya kusema. Sasa Popo alikuwa anashindwa, na kusema kungekuwa kubaya maradufu. Kocha akapuliza filimbi, akapanga washambuliaji wawili wakubwa mbele ya goli kwa ajili ya krosi. Hao wangeruka naye, wangegongana naye, wangemwangukia.

"Mtoe wewe," alisema Mama Popo, "au nitamtoa mimi."

Mama Gundi aligeuka. Mama Popo hakuwahi kuuona uso ule. "Ukivuka kamba hii," alisema bila kupaza sauti, "usinijue tena."

Mama Popo akainama, akapita chini ya kamba.

Uwanja ulionekana mrefu kuliko alivyodhani. Alisikia minong'ono nyuma yake. Kocha alimwona, akanyoosha mkono. "Mzazi, nyuma ya kamba."

"Kipa wako ameumia mkono wa kulia. Tangu katikati ya wiki. Usimrushie krosi."

Kocha alimkazia macho. Alimwita Gundi, akampa mkono wake mwenyewe na kumwambia, "Nibane kwa nguvu zako zote." Gundi akabana. Machozi yakamtoka, na bado alikuwa anajaribu kubana. Kocha akamvua glavu taratibu. Chini yake bandeji ilikuwa imezungushwa tabaka juu ya tabaka, na vidole vilivyotokeza vilikuwa vimevimba, vinang'aa.

"Umemaliza kwa leo, mwanangu," alisema kocha. Kisha akamgeukia Mama Popo. "Na wewe, wako ni yupi?"

"Yule kipa mwingine."

Kocha akamtazama juu hadi chini, na watu wote kambani wakamtazama. Mama Popo akasema haraka alilolipanga usiku kucha: "Naye mtoe. Sitaki uone kwamba nimekuja kumtafutia nafasi. Tutaondoka wote."

"Yeye amekosa nini?"

"Hajakosa."

"Basi aliyechoka kutazamwa ni wewe," alisema kocha. "Ondoka wewe. Mtoto abaki."

Popo alikuwa amesimama karibu, amesikia kila neno. Alimtazama mama yake kama mtu anayemtazama mwizi wa mchana. "Nilikwambia siri," alisema, "halafu unataka na kunitoa?" Hakungoja jibu. Alikwenda golini, akavuta glavu kwa meno, akawageukia wale washambuliaji wawili. Wale walioshuhudia walisema alidaka krosi zote, na kwamba hakuwa akitazama pembeni tena. Mama yake hakuziona. Alikuwa nje ya geti, amekaa juu ya jiwe, akisikia filimbi tu.

Hospitali walikuta mfupa una ufa. Daktari alimwambia Mama Gundi kwamba kama mtoto angeuangukia mkono ule mara nyingine, labda ungehitaji kuwekwa vyuma. Habari hiyo ilimfikia Mama Popo kwa njia ya mtaa, pamoja na habari nyingine: kwamba yeye ni mwanamke mwenye roho mbaya aliyemwuza mtoto wa shoga yake hadharani. Ujumbe wa klabu ulipokuja, Popo amechaguliwa, mtaa ukapata ushahidi wake. Watu walikuja kumpongeza wakiwa na macho ya kupima. Alipika chai, akawashukuru, na kila aliyeondoka alimwona akichungulia mlango wa pili.

Popo hakusema naye kwa siku kadhaa ila ndiyo na hapana. Halafu jioni moja alichukua begi lake akaingia kwa Gundi bila kubisha, kama zamani. Mama Popo akasubiri mlango ufunguliwe atupwe nje. Hakutupwa. Baadaye alisikia kicheko cha wasichana, kisha kelele za mpira unaopigwa ukutani, kisha Mama Gundi akiwafokea waache, watamvunjia kioo. Watoto walikuwa wamemaliza ugomvi ambao hawakuuanza. Popo alipokwenda bweni, kina mama wakabaki na kuta zao, wakipishana kwenye ngazi kama wapangaji wapya.

Ilipita miezi mingi. Gundi alifunguliwa plasta, akaanza mazoezi mepesi, klabu ikamwita arudi kwenye majaribio yafuatayo. Siku moja mchana, duka la dobi likiwa halina watu, Mama Gundi aliingia na gauni mkononi. Alilitandaza kwenye kaunta.

"Nina kikao cha wazazi," alisema. "Nalitaka leo."

"Mikunjo ya mbele niitie makali?"

"Tia."

Mama Popo alilivuta gauni, akafungua mvuke. Mama Gundi hakuondoka.

"Nikuulize kitu, na usinifiche," alisema. "Ulijua tangu katikati ya wiki. Ulisimama nami pale kambani ukaangalia. Ulisubiri mpaka wangu alipomzidi wako ndipo ukavuka. Kwa nini?"

Kwa mara ya kwanza Mama Popo aliinua macho kutoka kwenye nguo. "Kwa sababu niliona haya. Niliogopa utasema hivyohivyo unavyosema sasa. Nilipaswa kusema siku ile saluni, na sikusema."

"Na kama Popo angekuwa anashinda? Ungevuka?"

Pasi ilikuwa inafoka mvuke kati yao. Mama Popo alifikiri kweli, si kwa kutafuta jibu zuri. "Sijui," alisema. "Najiuliza hilo kila siku. Ningependa kusema ndiyo."

"Mimi nilimfunga ile bandeji," alisema Mama Gundi, kwa sauti ambayo haikuwa na kicheko chake ndani. "Alikuwa analia, nikawa namfunga."

Hakuna aliyemwambia mwenzake pole. Mama Popo aligeuza gauni, akaanza upande wa nyuma. Mama Gundi akavuta benchi la wateja, akaketi, akasema kwamba mkono wa kushoto wa hilo gauni una mshono uliolegea, awe mwangalifu nao.

"Nimeuona," alisema Mama Popo.