Mama wa Maktaba na Mvua ya Mawe

Najua mnanijua. Nikisema nimeona nyoka, mnakata nusu yake ndio mnaamini. Lakini hii ya leo msikate hata kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe bado naiogopa.

Miaka ya sabini nilikuwa napasua kuni kwa jikoni ya chuo kimoja cha walimu, huku Kisii. Mpwa wangu Bosibori alikuwa anasoma hapo. Mtihani wa kwanza alianguka, na baba yake akaapa: akianguka tena, anaolewa na mzee mmoja wa Magwagwa mwenye meno matatu. Msichana akahamia maktaba. Akaniambia kuna mama hapo anamsaidia sana, hampi jibu, anamwonyesha mahali pa kulitafuta.

Siku moja mchana ikanyesha mvua ya mawe. Mawe kama mayai ya bata! Giza likaingia saa tisa. Nikakimbilia maktaba. Sasa Mgusii ataingiaje kwa watu bila kusalimu? Nikasema kwa sauti, "Bwairire." Wanafunzi wakanikunjia uso. Huko nyuma tu, sauti ya mwanamke ikaitikia vizuri, "Bwairire, tata," yaani baba. Hakuna kichwa hata kimoja kiligeuka.

Nikafuata sauti. Bosibori ameinamia kitabu, na kando yake mama wa sweta ya buluu anamfuatishia mistari na kidole. Hapo kioo cha dirisha kikavunjika, mawe yakamwagika kwa mapaja ya yule mama. Niamini, hayakukaa. Yalimpita, nikayasikia yakigonga benchi, ko ko ko, kama hakuna mtu.

Ungefanya nini? Nikamshika Bosibori nimvute. Yule mama akanishika mkono, baridi mpaka kwa mfupa.

"Muache," akasema polepole. "Bado sijamaliza na yeye."

Bosibori hakuinua hata kichwa. "Mjomba, nenda tu."

Nikaenda? Nilipaa! Nikamsimulia mpishi, akaniambia mama wa maktaba alizikwa mwaka uliopita, muhula wa mtihani. Maktaba ikafungwa, na wanafunzi wengi wakaanguka, Bosibori akiwa mmoja. Ilipofunguliwa tena, hakuna mtu aliwekwa hapo.

Jioni Bosibori akatoka mzima. Nikamwambia anasoma na maiti.

"Nilijua, mjomba. Sasa wewe niambie, nani aliye hai angenisaidia?"

Bosibori alipita mtihani, akafundisha huko Ekerenyo mpaka akazeeka. Mzee wa meno matatu alikufa akitununia. Na huu mkono wangu alioushika yule mama haujapata joto tena. Mke wangu akitaka kupoza uji, ananiita.

Wewe ambaye una maktaba, weka mtu hai ndani yake. Na ukimkuta mtoto anasoma, usimvute. Hujui ni nani mwingine amemshika.