Mwendo wa Sindano

Siku ya kwanza Kudra alipompelekea hariri ya nguo za harusi ya wateja wake, fundi cherehani wa mtaa wa Mutakura hakutaja bei. Aliinua kidole tu, maana simu yake ilikuwa ikiimba, na Kudra, muuza vitambaa ambaye sokoni hangojei mtu, akangoja. Ulikuwa wimbo wa zamani wa taratibu, wa mama mmoja mwimbaji Mmarekani aliyekwisha kufariki, na fundi aliurudia kutwa nzima. Mguu wake ulikanyaga cherehani kwa mwendo wa sauti ile. Mama akivuta pumzi, sindano nayo ilitulia, na vidole vyake virefu vikalaza upindo kama anayemfunika mtoto aliyelala. Mafundi wa jirani nao walisimamisha cherehani zao palepale kila mara.

Harusi ilikuwa Jumamosi. "Weka rumba, fundi! Huyu mama atanifilisi."

"Apana, dada. Hariri inateleza. Mi nikikimbia, nayo inakimbia."

Kudra akauzima wimbo mwenyewe, akaweka rumba. "Hata muke wake hajathubutu!" jirani akacheka. Fundi akashona mbio, na upindo ukatoka umepinda kama mkia wa mjusi. Kudra aliutazama, akaukata uzi kwa meno, akaurudisha wimbo, akaketi.

Ijumaa nguo zote zilikuwa tayari, zimenyooka. Fundi alipata malipo yake na msikilizaji mmoja zaidi. Kudra aliiokoa harusi. Ila wiki iliyofuata, alipokuwa akibishana bei na mteja wa mtaa wa Musaga, simu ya mteja iliita kwa sauti ya mama yule. Kudra akatulia mpaka iliponyamaza, kisha akasema, "Basi, chukua kwa bei yako."