Sanduku la Chuma la Baba

Juzi, katika duka moja hapa Louisville, nilimwona mwanamume akijaribu kufuli ya sanduku dogo la chuma, nikakumbuka mchana mmoja wakati tulipokaa mji wa Whitehall, mara tu baada ya kutoka kambini.

Baba alirudi na sanduku kama lile, akapita nalo chumbani bila kunisalimia. Kule kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, aliyenunua sanduku la kufuli alikuwa anakusanya karatasi zake za safari ili aondoke. Nikajua anatuacha. Maharage yalikuwa yakitokota jikoni, nami nikasimama mlangoni nikisikiliza.

"Ufunguo nakaa nao mimi," Mama alisema.

"Na mwizi akija, Mama Neema, nikuombe kwanza?"

"Utaniomba. Hapo utakuwa umeamka vizuri."

Baba aliponikuta pale aliniita ndani, akafungua sanduku. Ndani yake mlikuwa na bastola isiyo na risasi, inayonuka mafuta kama cherehani.

"Nimechagua ndogo, ya kulinda nyumba. Ukiikuta nje ya sanduku usiiguse, mwite mama yako."

Hamkuwa na karatasi hata moja ya safari. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Mama alinitazama, kisha akamgeukia Baba. "Mtoto anaifurahia. Kesho uirudishe ulikoitoa."

Aliirudisha. Mpaka leo hawajui nilikuwa nacheka nini.