Wufa ya Mama

Wufa hiyo, ile mashine ya spika za kukuza sauti, aliinunua mama, na wacha niseme mapema kwamba mama hakuwa mtu wa muziki. Alikuwa mtu wa wageni. Aliiona kwa jirani, akaona jinsi wageni wa jirani wanavyotikisa vichwa, na kahawa ilipolipwa vizuri yetu nayo ikafika nyumbani Karurumo ndani ya katoni kubwa. Ikakaa kando ya televisheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na sidhani iliwahi kuwashwa zaidi ya Krismasi mbili. Kisha mama akaugua, akatuacha.

Jumamosi ninayoikumbuka, dada zake mama walikuwa waje saa nane mchana kugawana nguo zake. Ndiyo desturi yetu: nguo za marehemu hazikai, zinaenda kwa damu yake. Baba alikuwa amewaahirishia mara tatu. Safari hii alikubali, lakini akanipigia simu niliko Embu mjini.

"Njoo asubuhi," akasema. "Wakibeba nguo nitabaki na nini? Ile video ya siku mahari yako ilipoletwa, pale mama yako anapoongea. Nataka kumsikia kabla hawajafika. Na nimsikie kabisa, si hiyo sauti ya mbu ya televisheni."

Sikio lake la kushoto limeshakufa, na la kulia husikia linachotaka. Nikamwambia asijali, nitamuungia ile wufa, ni kazi ya nusu saa. Mimi ni mwalimu wa sayansi, jamani. Nafundisha watoto waya wa chanya na waya wa hasi. Nikawa na kiburi hata kabla sijafika.

Nilikuta kasha moja la wufa yenyewe, zito kama debe la mahindi, na spika nne ndogo zimepangwa juu ya kabati kama watoto wa kwaya. Kitabu cha maelezo panya walikuwa wamekula nusu ya juu. Kilichobaki ni picha ya mtu ameketi kitini katikati ya chumba, spika mbili nyuma ya kisogo chake.

Baba akaitazama sana. "Huyu hana ukuta?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwetu viti vyote vinaegemea ukuta, kuzunguka nyumba nzima, ili kila mgeni amwone mwenzake. Nyuma ya kiti hakuna kitu isipokuwa picha na kalenda. Nikavuta kochi kubwa hadi katikati, baba akilalamika kwamba sasa wageni watapeana visogo, nikaweka spika mbili nyuma na mbili mbele. Waya nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Baba hakukaa. Alisimama mikono mgongoni, vile anavyosimamia watu wakipima kahawa, ananielekeza mambo asiyoyajua.

Nikaunga wufa kwa televisheni, nikachomeka flashi yenye ile video. Nikawasha.

Ai! Nyumba ilijaa. Vigelegele mbele, vigelegele nyuma, sahani zinagongana karibu na sikio langu, mbuzi wa mahari analia kutoka upande wa jikoni hadi nikageuka kumtafuta. Baba akacheka, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miezi. Halafu mama akasimama na gauni lake la kijani, akachukua maikrofoni, akafungua kinywa.

Kimya. Yaani watu wanacheka, wanapiga makofi, mbuzi analia, lakini mama anachezesha midomo tu.

Nikarudisha nyuma. Vivyo hivyo. Nikaongeza sauti, mbuzi akaongezeka. Nikang'oa waya zote nikazirudisha, nikabadilisha ya kushoto na ya kulia, nikapuliza vumbi. Nikazima wufa tusikie televisheni peke yake, na mama akasikika, mbali, mwembamba, baba akikunja uso na kuinama bila kupata neno. Kwa hiyo sauti ilikuwepo! Nikiwasha wufa, inapotea. Wengine wote wapo, yeye hayupo. Sielewi hata leo nilivyokuwa nimechanganyikiwa. Nilifika mahali nikawa nachungulia nyuma ya spika kana kwamba amejificha.

"Umemnyamazisha mama yako," baba akasema.

Hakusema kwa ubaya, lakini iliniuma, na mimi nikiumizwa napandisha hasira. Nikamwambia kama anajua sana ashike hizo waya mwenyewe. Akageuka kutazama saa. Nikaona aibu papo hapo. Ilikuwa saa saba kasoro, na dada zake mama wakisema saa nane, si watu wa kuchelewa.

Nikatoka nje nikampigia fundi wa redio ninayemjua pale mjini. Akanisikiliza, akauliza swali moja tu.

"Mwalimu, ile ya katikati umeiweka wapi?"

"Ya katikati gani?"

"Hizo wufa zina spika tano. Nne ni za muziki na makelele. Maneno ya watu hupitia ya katikati. Kama haipo, mtu ataongea mpaka achoke."

Nikarudi mbio. Kweli, nyuma ya wufa kulikuwa na tundu la tano, wazi, nami nililiona tangu asubuhi nikalidharau. Nikamuuliza baba zilikuja ngapi.

"Tano. Lakini moja ilikuwa tofauti, ndefu, ya kulala. Mama yako alisema hiyo ni ya akiba."

Nikaketi chini. Mama huyo! Mama aliyekuwa na jembe ambalo halijawahi kugusa udongo, shuka ambazo hazijatolewa kwenye karatasi, vikombe sita ambavyo sisi watoto tulivijua kwa macho tu. Kila kitu kilichoingia nyumbani alikitolea mbegu yake akaificha.

"Aliiweka wapi, Baba?"

Alijua. Niliona anajua. Ilikuwa kwenye sanduku lake la bati la nguo, lile ambalo hakuna aliyelifungua tangu tumzike, na ambalo ndilo dada zake walikuwa njiani kuja kulifungua. Baba akatoa ufunguo kwenye mfuko wa koti, akanipa, akageukia dirisha. "Fungua wewe. Mimi siwezi."

Harufu yake ilinifikia kabla sijainua kifuniko vizuri. Nikalia, sitaficha. Gauni la kijani lilikuwa juu, na chini kabisa, imeviringishwa kwa kitambaa chake cha kichwa cha kanisani, spika. Baadaye niliambiwa kwamba kuna kitufe kwenye rimoti ambacho kingemaliza taabu yote bila hiyo spika. Nashukuru sikukijua.

Baba aliishika mbele ya televisheni kwa mikono miwili wakati naunganisha waya. Nikarudisha video. Mama akasimama, akashika maikrofoni, na sauti yake ikatoka mikononi mwa baba, nene, ya karibu, na kale kakikohozi kake ka kuanzia. Akasema mimi ni mkali lakini chai yangu inanyweka. Watu wakacheka nyuma yetu. Baba hakusogea. Sikio lake la kulia lilikuwa limeikaribia spika.

Kisha mama akatazama pembeni, mahali ambapo baba wa siku ile, na suti yake ya kuazima, alikuwa amesimama akielekeza wapakuaji wa chakula.

"Na wewe mzee, si ukae chini? Unawaziba wageni."

Baba akaweka spika juu ya kabati, polepole, akarudi kinyumenyume hadi kwenye lile kochi la katikati.

"Haya," akamjibu. "Nimekaa."